Sili Kitu, Nichome Sindano ya Nini?

Tupo Rajabu. Ukipita mwezi huu na Shaabani, Ramadhani hiyo. Mazungumzo haya nimeyaleta mapema makusudi, kwa sababu nikingoja mpaka mwezi uandame nitakuwa nimechelewa, na wewe utakuwa umechelewa.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Kisukari kilimwingia akiwa na miaka tisa, kile cha aina ya kwanza. Ugonjwa huu hautokani na kulamba sukari wala na unene. Kinga ya mwili wenyewe iligeuka ikazishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, zikafa, na zikishakufa hazirudi. Tangu siku hizo mtoto yule anachoma sindano kila siku ya Mungu. Alipofika miaka kumi na saba akaamua kufunga Ramadhani nzima. Daktari hakuambiwa. Mama yake alijua akanyamaza, maana ilimwia vigumu mno kumwambia mwanawe asifunge.

Siku za mwanzo alichukua dozi yake ya asubuhi, ile ile, akaichoma baada ya daku. Kila ikifika alasiri anatetemeka, jasho jembamba linamtoka, macho yanaona ukungu. Hakufungua. Alijilaza kwenye mkeka msikitini na wenzake wakadhani ni uchovu wa funga tu. Siku ya kumi na mbili hofu ikamshika. Akaona kinachomtetemesha ni sindano, basi akaiacha kabisa ile ya daku. Usiku wa kumi na tano akaanza kutapika, anahema kama aliyekimbizwa, na pumzi yake ikawa inanukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Nilipofika hospitali nilimkuta ana dripu mikono miwili. Kesho yake alipopata nguvu ya kusema nilimuuliza kwa nini aliacha dawa. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Mjomba, mchana kutwa sili kitu. Sasa nichome sindano ya nini?"

Jibu la swali lake nitalileta. Lakini kilichonitia uchungu zaidi kilikuja wiki moja baada ya Idi, aliporudi kliniki kuchukuliwa kile kinachoitwa kipimo cha miezi mitatu. Kabla ya Ramadhani kilikuwa asilimia 8.6. Safari hii kikatoka 8.3. Mhudumu akaitazama karatasi, akatabasamu, akamgeukia dada yangu: "Hongera mama, funga imempunguzia sukari." Dada akaja nyumbani anashukuru. Kijana aliyenusurika kufa wiki tatu tu nyuma, karatasi inasema amepata nafuu!

Mhudumu yule simlaumu kwa nia yake. Namlaumu kwa kuisoma karatasi bila kumsoma mgonjwa. Na ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya vipimo: tunavyovitumia kukisia kama macho, figo, miguu na moyo wa mwenye kisukari viko salama, na namna funga inavyovigusa, na mahali vinapotudanganya.

Kipimo cha miezi mitatu, ambacho kwenye karatasi za maabara huandikwa HbA1c, kinafanya kazi hivi. Sukari inayozunguka kwenye damu hujigandisha kidogo kidogo kwenye hemoglobini, ule wekundu wa chembe za damu. Sukari ikiwa nyingi, hemoglobini nyingi hupakwa. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo ukiipima leo unasoma kumbukumbu ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na wiki za karibuni zina uzito mkubwa kuliko za mwanzo. Mwezi wa mwisho peke yake huchangia karibu nusu ya jibu.

Heshima ya kipimo hiki haikuja bure. Kuanzia 1983 hadi 1993, huko Marekani na Kanada, watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitibiwa kama ilivyokuwa desturi wakati ule, na kipimo chao kikakaa karibu asilimia 9. Kundi la pili lilichomwa sindano mara nyingi zaidi, likapima sukari mara kwa mara, na kipimo kikakaa karibu asilimia 7. Kwa kundi hili la pili, hatari ya macho kuanza kuharibika ilipungua kwa asilimia 76 kuliko kwa wenzao, na maradhi ya neva yakapungua kwa asilimia 60. Dalili ya mwanzo ya figo kuumia, yaani protini kuvuja kwenye mkojo, ikapungua kwa asilimia 39. Tangu hapo daktari yeyote wa kisukari akikutana nawe, kitu cha kwanza anachouliza ni namba hiyo.

Lakini namba hiyo ni wastani, msikilizaji. Chukua siku moja ya Ramadhani ya mpwa wangu: saa kumi na moja jioni sukari ipo milimoli 3 kwa lita, saa tatu usiku baada ya futari ipo 17. Zijumlishe, gawa kwa mbili, unapata 10. Chukua mtu mwingine ambaye sukari yake ni 10 asubuhi, 10 mchana, 10 usiku. Wote wawili kipimo chao kitasogelea asilimia 8. Umewahi kuona sufuria la wali lililoungua chini na juu likabaki bichi? Hakuna mpishi atakayekuandalia wali ule akakwambia kwa wastani umeiva. Sukari iliyoshuka mchana haiifuti iliyopanda usiku. Mwili unaumia mara mbili, na kipimo kinaandika jibu moja lenye sura nzuri.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kijana wetu. Siku kumi na moja za kushuka kila alasiri, ongeza wiki mbili za uangalizi mzuri alipotoka hospitali, zikavuta wastani chini. Zile siku tatu nne za hatari ya kufa zikamezwa humo ndani, hazikuonekana.

Na hili si la mpwa wangu peke yake. Mwaka 2001 ulifanyika utafiti mkubwa katika nchi 13 zenye Waislamu wengi, ukahusisha wenye kisukari zaidi ya 12,000, na matokeo yakachapishwa 2004 kwa jina la EPIDIAR. Karibu asilimia 43 ya wenye aina ya kwanza walifunga siku kumi na tano au zaidi. Sukari kushuka vibaya, kiasi cha mtu kupelekwa hospitali, kulipanda kutoka matukio 3 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwezi hadi 14. Na kupanda vibaya, pamoja na hali ile iliyompata mpwa wangu, kulitoka 5 kukafika 17. Ziangalie namba hizo mbili kwa pamoja. Kushuka kumezidi na kupanda kumezidi, katika mwezi ule ule. Kama unatazama wastani tu, vitu viwili vinavyovutana hivyo vinaweza kukuonyesha kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa nirudi kwenye swali lake. Sili kitu, nichome sindano ya nini?

Wengi wetu tunadhani sukari ya damu inatoka mdomoni tu. Ingekuwa kweli, aliyefunga asingekuwa na haja ya insulini. Lakini ini nalo ni ghala. Ukila, huweka akiba. Ukikaa saa kadhaa bila kula, huifungua akiba ile na kuimimina kwenye damu ili ubongo usikose chakula, na akiba ikipungua huanza kutengeneza sukari mpya kutoka kwenye vitu vingine. Kwa mtu mzima wa afya, insulini kidogo inayotoka muda wote ndiyo inayoliambia ini: basi, inatosha. Mwenye aina ya kwanza hana anayeliambia basi. Ini linamimina tu, naye hajatia hata tembe kinywani. Halafu, kwa kuwa bila insulini sukari ile haiingii kwenye misuli, mwili unajiona una njaa katikati ya shibe, unaanza kuyeyusha mafuta. Mafuta yakiyeyushwa kwa kasi hivyo hutoa tindikali zinazoitwa ketoni. Hizo ndizo zilizomtapisha, zikamhemesha, zikaipa pumzi yake ile harufu.

Kwa hiyo insulini ya mwenye aina ya kwanza ina kazi mbili. Moja ni ya chakula. Nyingine ni ya kulizuia ini na mafuta, na hiyo haijui Ramadhani wala Idi. Dozi hubadilika anapofunga, mara nyingi ya daku hupunguzwa na saa za kuchoma husogezwa, lakini haiwi sifuri.

Hapa nataka nikae kidogo, maana kuna kisa cha kweli kinachoonyesha kufunga bila insulini kunafika wapi. Kabla ya 1922 dawa ya insulini haikuwepo duniani, na tiba kubwa ya kisukari cha watoto ilikuwa ni hiyo hiyo funga. Daktari Frederick Allen wa Marekani aliona kwamba mtoto akinyimwa chakula, sukari kwenye mkojo hupungua na maisha husogea miezi, pengine miaka. Basi wakawanyima. Elizabeth Hughes, binti wa mtu aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliugua 1919 akiwa na miaka kumi na mmoja, akawekwa chini ya tiba ya Allen. Ilipofika Agosti 1922, akikaribia kutimiza miaka kumi na mitano, uzito wake ulikuwa kilo 20 hivi. Vipimo vyao vya wakati ule vilisema anaendelea vizuri, kwa maana mkojo haukuwa na sukari. Binti alikuwa amebaki mifupa na ngozi. Kilichomwokoa ni kupelekwa Toronto kwa Daktari Frederick Banting, ambaye na wenzake walikuwa wamepata insulini. Mgonjwa wao wa kwanza, kijana wa miaka kumi na minne aitwaye Leonard Thompson, alichomwa Januari ya mwaka huo. Elizabeth akapona njaa, akakua, akaolewa, akazaa. Alifariki 1981 akiwa na miaka sabini na mitatu.

Nimekisimulia kisa hicho kwa sababu sasa hivi kwenye simu zetu kuna watu wanaouza maneno kwamba kufunga kunatibu kisukari, wala hawasemi kisukari kipi. Mwenye aina ya pili, ambaye kongosho lake bado linatoa insulini na tatizo lake kubwa ni uzito, anaweza kweli kunufaika na kupunguza mlo chini ya uangalizi. Mwenye aina ya kwanza akilifuata neno hilo akaacha sindano, anarudi mwaka 1919.

Je, upo ushahidi wa upande wa pili, kwamba funga inaweza kuwafaa hata hawa? Upo kidogo, na haki yake niitoe. Ujerumani walifanya utafiti mdogo uliochapishwa 2021: watu 20 wenye aina ya kwanza walifunga siku saba mfululizo. Wote walimaliza, na wastani wa insulini waliyohitaji ulishuka sana, ingawa haukufika sifuri. Katika nchi za Ghuba nako wamefuatiliwa vijana wanaofunga Ramadhani wakiwa na pampu za insulini na vidude vya kubandika mkononi vinavyosoma sukari kila baada ya dakika chache, na waliofundishwa vizuri wengi wameimaliza Ramadhani bila kulazwa. Nayakubali matokeo hayo. Ila nakuomba uyapime kwa mazingira yalimopatikana. Watu wale walikuwa na daktari wa kumpigia simu na kipimo cha ketoni mezani. Sisi wengine tuna mashine moja ya kupimia sukari kwa nyumba nzima, na vijiti vyake vikiisha tunangoja mwisho wa mwezi. Anayepima mara moja kwa siku, au mara moja kwa wiki, asijifananishe na anayesoma sukari yake kila dakika tano.

Sasa tazama vipimo vingine. Kuna mkojo. Figo zinapoanza kuumia huachia protini iitwayo albumini, na maabara huilinganisha na kitu kingine kiitwacho kreatinini ili mkojo mzito usiwapotoshe. Kwa wanaotumia miligramu kwa gramu, 30 ndio mpaka. Lakini homa, kazi nzito ya jana, au sukari iliyopanda sana vinaweza kuipandisha albumini kwa muda, na kwa hiyo jibu baya moja halitoshi kumtangazia mtu ugonjwa wa figo. Hutakiwa vipimo viwili kati ya vitatu ndani ya miezi mitatu hadi sita. Ramadhani za miaka hii zinaangukia kaskazi, joto la Pwani unalijua, na mtu anakaa saa kumi na tatu na nusu hivi bila tone la maji. Mwenye sukari ya juu hukojoa sana, kwa hiyo hukauka haraka kuliko jirani yake. Kama unaweza, pima figo kabla ya mwezi, upate namba ya kulinganishia. Mafuta ya damu nayo, kolesteroli na trigliseridi, majibu ya tafiti za Ramadhani yanatofautiana, na sishangai: kuna anayefuturu kwa samaki na kunde, na kuna anayefuturu kwa sambusa, bajia na kaimati zilizozama kwenye shira. Damu itasema walichokula.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Afrika Mashariki tunapaswa kulijua kuliko wengi. Kipimo cha miezi mitatu kinategemea chembe nyekundu ziishi umri wake. Mwenye seli mundu, chembe zake hufa mapema, hazipati muda wa kupakwa sukari, na kipimo hutoka chini kuliko ukweli. Aliyetoka kuugua malaria kali au aliyeongezewa damu, naye namba yake haiaminiki kwa muda. Kuna kipimo kingine, fruktosamini, ambacho husoma wiki mbili hadi tatu zilizopita bila kutegemea chembe hizo, na kwa mwezi kama Ramadhani kingefaa zaidi kwa wengi. Hakipatikani kila maabara. Basi kwa aliye na seli mundu, kimashine cha kidole na daftari lililoandikwa kila siku ni shahidi wa kweli kuliko karatasi ya maabara.

Lakini dalili ninayoiogopa kuliko zote haipimwi maabara. Sukari inaposhuka mwili hupiga hodi: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio. Ikishuka mara kwa mara, hodi ile hufifia. Ndani ya siku chache tu za kushuka, mwili huzoea, na siku inayofuata mtu huzimika ghafla bila kuonywa. Kumbuka mpwa wangu alivyojilaza kwenye mkeka kila alasiri, akivumilia, akidhani anashinda. Alikuwa anajiondolea mlinzi wake. Wataalamu wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, pamoja na jumuiya ya madaktari wanaoshughulikia kisukari na Ramadhani, walitoa mwongozo 2016 wakauboresha 2021, na ndani yake kuna hesabu ya alama za hatari. Ukizidi alama 6, uko kwenye hatari kubwa na unashauriwa usifunge. Kuwa na aina ya kwanza kunakupa alama 1. Kipimo cha miezi mitatu kilichozidi asilimia 9 kinakupa 2. Lakini kutosikia tena dalili za sukari kushuka, peke yake, ni alama 6.5. Jambo hilo moja linavusha mpaka wote. Na hilo huhitaji maabara kulijua. Muulize mwanao usiku wa leo: mara ya mwisho sukari yako iliposhuka, ulijuaje? Akikwambia alijua baada ya kupima tu, au aliambiwa na mtu, hapo umepata jibu zito kuliko asilimia yoyote.

Najua kuna anayenisikiliza akisema huyu anatuvunjia saumu. Sivyo. Surat al-Baqara, aya ya 184 na ya 185, imemtaja mgonjwa kwa jina lake na kumpa ruhusa ya kulipa siku nyingine, na imetaja fidya ya kumlisha maskini. Mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona, wanazuoni wameeleza njia yake. Kuhusu sindano, Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilikaa Jeddah 1997 likaamua kwamba sindano ya dawa ya ngozini, msulini au mshipani haifunguzi, isipokuwa ile ya kulisha mwili. Insulini huchomwa chini ya ngozi. Na kujidunga kidole kupima sukari hakufunguzi. Ninazo nyumba ninazozijua ambako vijana hawapimi mchana kwa kuogopa tone la damu, na hofu hiyo imewaumiza watoto bila sababu yoyote ya dini. Masheikh na maimamu, nawaomba mliseme hili katika darsa za Shaabani, kwa sauti zenu wenyewe, maana mkisema ninyi litasikika kuliko nikisema mimi.

Na sisi watu wa mtaani tuna dhambi yetu. Kijana akionekana anakunywa maji mchana, watoto humfuata nyuma wakimwimbia kobe, kobe. Kijana wa miaka kumi na saba yuko radhi azimike kuliko aitwe kobe. Mpwa wangu aliniambia hivyo kwa kinywa chake. Mzazi, mkanye mwanao anayeimba. Hajui anamwimbia nani.

Ndugu zangu Wakristo, msinizimie redio. Kwaresma ipo, na kuna makanisa yanayoitisha maombi ya kufunga siku tatu, siku ishirini na moja, hata arobaini, mengine kavu bila maji. Ini la mfungaji wa kanisani ni lile lile. Nanyi mna bahati mbaya moja: Ramadhani imeandikiwa miongozo na madaktari, funga kavu ya siku tatu haijapata wa kuiandikia. Mwenye aina ya kwanza asiiguse. Mchungaji amwombee akiwa amekula na amechoma.

Sasa, kwa yule ambaye amekwenda kwa daktari, akapimwa, akahesabiwa alama, akaambiwa unaweza kujaribu, au kwa yule ambaye najua atafunga hata akikatazwa, yashike haya. Pima sukari wakati wa daku, pima asubuhi, adhuhuri, alasiri, kabla ya magharibi, na saa mbili baada ya futari, na wakati wowote unapojisikia tofauti. Ikishuka chini ya 3.9, fungua hapo hapo, hata ikiwa imebaki robo saa adhana ilie. Ikipanda juu ya 16.6, fungua, kunywa maji, tafuta kipimo cha ketoni. Ketoni zikifika 3 kwenye damu hiyo ni safari ya hospitali, si ya kesho. Daku ile mwisho kabisa, usiile saa sita ukalala. Futari, hesabu wanga: mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi za sukari na uji uliotiwa sukari vikikutana kwenye sinia moja, hakuna dozi itakayovikimbiza. Chagua kimoja. Alasiri usicheze mpira. Na insulini yako, kama huna jokofu, iweke kwenye kile chungu cha udongo chenye mchanga na maji, kivulini; kaskazi huua dawa kimya kimya.

Daftari hilo la vipimo lipeleke kliniki baada ya Idi pamoja na karatasi ya miezi mitatu. Mhudumu akikupongeza kwa namba, mfungulie daftari, umwonyeshe zile 3 za jioni na zile 17 za usiku.

Mpwa wangu sasa ana miaka ishirini na minne. Ramadhani zake za karibuni hafungi. Hutoa fidya, na jioni ndiye anayebeba sinia la futari kupeleka msikitini. Macho yake yalikaguliwa mwaka jana, yako salama. Mkojo wake hauna protini.

Wewe mwenye aina ya kwanza, au mwenye mtoto wa aina hiyo, una wiki sita mpaka nane mkononi. Nenda kliniki wiki hii. Pima kipimo cha miezi mitatu, pima mkojo na kreatinini, ukaguliwe macho, na mwambie daktari waziwazi kwamba unataka kufunga, kisha msikilize atakachosema. Na sindano ya msingi, ile ya kulizuia ini, ufunge usifunge, usiiache hata siku moja.